Tumbili wa Shimo la Sita

Fimbo zangu za kwanza za gofu niliachiwa na mwalimu wa kujitolea aliyemaliza muda wake shuleni kwetu, pale Kaaga. Zilikuwa tano, ndani ya mfuko wa turubai, pamoja na kijitabu cha sheria. Mipira hakuniachia. Kwa hivyo mwaka ule wa tisini na kitu, mimi, mwalimu wa hesabu na mama wa watoto wawili, nilijifunza gofu kwa kupiga kokwa za makadamia nyuma ya jiko la shule. Makadamia yenye ganda la kijani huruka vizuri ajabu. Moja iliruka hadi kwenye mabati ya nyumba ya mwalimu mkuu, naye akatoka kutazama ni nani anayemrushia mawe. Nilimwonyesha fimbo nikamwambia ninatafuta nyoka.

Rafiki yangu alikuwa nesi huko Embu. Tulikuwa tumekalia dawati moja tangu darasa la tano. Jumamosi ambayo hakuwa zamu alitoka kwake mtaa wa Majimbo mapema akapanda hadi Meru kunitembelea. Alipoona ninavyopiga makadamia alicheka mpaka akakaa chini. Safari iliyofuata akaja na mipira sita ya kweli. Sikumuuliza ameitoa wapi, naye hakusema.

Uwanja wa gofu ulikuwa juu ya mji, mashimo tisa yaliyobanwa kati ya msitu na korongo. Haukuwa wa matajiri. Ulimlipa mzee wa lango kitu kidogo ukaingia, na kondoo wake walikupisha wakipenda. Asubuhi Mlima Kenya ulijitokeza wote kabla ya mawingu kuufunika, na upande wa pili vilima vya Nyambene vilikuwa vya buluu. Lakini uzuri huo haukuwa na huruma. Mteremko ulikuwa mkali kiasi kwamba mpira uliopigwa vizuri ungeweza kubingiria ukarudi miguuni pako. Kandokando ya mashimo hapakuwa na nyasi, bali mchanga uliomwagiwa oili chafu ya magari ili usipeperuke, na tulirudi nyumbani viatu vikinuka gereji. Shimo la sita ndilo lililoogopwa zaidi. Unasimama ng'ambo hii, shimo liko ng'ambo ile, na katikati ni korongo lenye mto na vichaka virefu kuliko mtu.

Hapo ndipo tulipomkuta afisa wa kilimo. Alikuwa mtu mnene, mwenye kofia nyeupe na glavu ya mkono mmoja, na alitutazama kama anayekagua shamba lenye magugu.

"Madam," aliniambia, "hili shimo si la akina mama. Rukeni hili, mwende la saba."

"Mzee, kwani wewe unalivuka kila siku?" nikamuuliza.

"Kila siku."

Rafiki yangu hakungoja. "Basi cheza naye Jumamosi ijayo, mashimo yote tisa. Atakayeshindwa ambebee mwenzake mfuko kutoka hapa mpaka sokoni. Na akiulizwa, aseme ukweli."

Afisa alicheka hadi kofia ikasogea. Alikubali.

Jumamosi hiyo nesi ndiye aliyeandika mapigo. Tulipofika shimo la sita afisa alikuwa mbele yangu kwa pigo moja. Akajipanga, akapiga, na lazima niseme ukweli, lilikuwa pigo zuri. Mpira ulivuka korongo ukatua mchangani, hatua tatu kutoka shimoni. Alitugeukia akakunja mikono.

Wakati huo huo tumbili akashuka mtini ng'ambo ile. Akauokota mpira, akaunusa, akauuma, akauona hauna utamu, akautupa korongoni.

"Aki ya Mungu!" nesi akasema.

Mimi nilikuwa nimekisoma kile kijitabu mpaka jalada la nyuma. Nilijua kwamba mpira uliotulia ukichukuliwa na mnyama, unaweka mwingine palepale bila adhabu yoyote. Nikafungua mdomo. Rafiki yangu akanikanyaga mguu, akabaki amesimama juu yake huku akiangalia mlima.

Afisa alipumua kwa nguvu. "Mpira umepotea," akatangaza mwenyewe. "Ni adhabu, na ninapiga upya kutoka hapa. Sheria ni sheria, Madam."

"Ni kweli, mzee," nikasema.

Nilimshinda kwa pigo moja.

Mtu yule alikuwa muungwana, hilo simnyimi. Aliuvaa mfuko wangu begani tukateremka hadi sokoni, yeye mbele, sisi nyuma tukijiuma midomo. Wakulima walimsimamisha kila hatua.

"Bwana Afisa, hiyo ndiyo pampu mpya ya kupulizia kahawa?"

"Hapana. Ni fimbo za huyu Madam. Amenishinda gofu."

Mnunuzi mmoja wa miraa kutoka Laare aliomba kuishika fimbo moja, akaipima mkononi, akauliza kama inafaa kwa ng'ombe mkaidi. Wanawake wa viazi walipiga vigelegele bila kujua sababu.

Nilifurahi mpaka Jumapili kanisani. Hapo nikaanza kuiona ile kofia nyeupe kila nilipofumba macho kuomba. Jumatano baada ya masomo nilienda ofisini kwake, nikamfungulia ukurasa wenyewe. Alivaa miwani, akasoma polepole kidole kikifuata mistari. Kisha akanitazama juu ya miwani.

"Ulijua?"

"Nilijua, mzee. Nimekuja kuomba msamaha. Tukirudia hilo shimo ni haki yako."

Akakifunga kijitabu. Halafu tumbo likaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka hadi karani wake akachungulia mlangoni.

"Tangu Jumamosi," akasema akijifuta macho, "wakulima ambao hawakuwa wakija kabisa wamejaa hapa nje. Kila mmoja anataka kunisalimia, kisha anakumbuka kuuliza habari za mahindi. Turudie nini?"

Akakitia kijitabu mfukoni mwa koti, na hakikurudi kwangu tena. Jumamosi nyingi tulicheza sisi watatu, naye akawa jaji mkali kuliko Kadhi. Siku moja mpira wangu ulizama kwenye mtego wa mchanga, na fimbo yangu ikagusa mchanga kabla sijapiga, jambo ambalo sheria inakataza. Nikasema ni upepo. Akalowesha kidole, akafungua ukurasa, akaniongezea mapigo mawili. Nesi aliyaandika haraka sana, bila hata kunitetea.