Uzi Mwekundu kwenye Mtungi wa Maziwa

"Itajuaje hakuna, kama haijatazama kote?" Shangazi yangu aliniuliza hivyo akiwa ameketi kwenye benchi lake sokoni Garissa, kidole chake kikigusa kioo cha kompyuta yangu. Chuoni nilikuwa nimefaulu mtihani wa somo hilohilo, la jinsi kompyuta inavyotafuta vitu.

Nilikuwa nyumbani kwa likizo. Shangazi huuza maziwa ya ngamia. Mimi humwita eedo, naye huniita eedo vilevile, ndivyo shangazi na mtoto wa kaka yake wanavyoitana kwetu. Kila siku mwendo wa saa nne asubuhi gari hufika kutoka upande wa Bura na mitungi ya plastiki, yote ya manjano, yote inafanana. Kila familia kule malishoni hufunga mitungi yake uzi wa rangi fulani ili imfikie muuzaji wake wa mjini. Niliwatazama wanawake wakiinama na kugeuza mtungi mmoja baada ya mwingine, nikaona wanapoteza muda. Nikaandika programu ndogo: rangi ya uzi ndiyo ufunguo, na chini ya ufunguo nikahifadhi muuzaji. Ukiandika rangi, kompyuta haipitii orodha nzima. Hukokotoa namba kutokana na ule ufunguo, na namba hiyo huipeleka moja kwa moja kwenye kisanduku kinachohusika.

Chuoni nilikuwa nimemuuliza mhadhiri: je, funguo mbili zikitoa namba moja? Akasema tutaliona wiki ijayo. Wiki iliyofuata hakuja.

Eedo aliijaribu programu yangu kwa uzi mweusi, ambao hakuna anayeutumia. Kompyuta ikajibu papo hapo kwamba haumo. Ndipo akauliza swali lake, nami nikajifanya nashughulika na chaja.

Siku hiyo alikuwa ameahidi mitungi miwili kwenye nyumba ya harusi kabla ya adhuhuri. Ilikuwa familia kubwa, wateja wake wa miaka mingi, na wakikosa maziwa siku kama ile wasingerudi kwake. Gari lilipofika nikaandika "nyekundu", likatoka jina la mwanamke wa benchi la pili. Nikampelekea mitungi yote minne yenye uzi mwekundu, kifua mbele.

Eedo akangoja. Gari likaondoka.

"Yangu iko wapi?"

"Haikuja, eedo. Kwenye mashine wewe humo."

"Simo? Na huyu aliyeketi hapa ni nani?"

Hapo nikaelewa. Wote wawili, Eedo na jirani yake wa benchi la pili, walikuwa na uzi mwekundu. Wa Eedo hufungwa kwenye mkono wa mtungi, wa jirani shingoni. Katika jedwali langu ufunguo mmoja ulibeba kitu kimoja tu. Nilipomwandika jirani, Eedo alifutika kimyakimya, na kompyuta haikulalamika. Hata mhadhiri sikuweza kumlaumu. Ufunguo mbovu niliuchagua mwenyewe.

Eedo akaenda kwa jirani, akafungua vifuniko kimoja kimoja na kunusa. Kila familia hufukiza mitungi yake kwa mti wake, na moshi wa watu wake anaujua. Akachukua miwili.

"Hiyo mashine yako," jirani akaniambia, "itafutie pua."

Maziwa yalifika kwenye harusi kabla ya adhana. Kufikia alasiri Eedo alikuwa amelitangazia soko zima kwamba chuo kikuu kimenifundisha kumtoa shangazi nyumbani kwake na kumwingiza jirani. Nikabadilisha ufunguo: rangi pamoja na mahali uzi ulipofungwa.

Jibu la swali lake nililipata kazini, baada ya kumaliza chuo. Kompyuta hufungua kisanduku kimoja tu, kile ambacho ufunguo ungekuwamo. Kikiwa kitupu, au kikiwa na funguo nyingine tu, basi haumo popote. Nilimpigia simu nikamweleza. Akasema hilo lilihitaji simu, si miaka minne ya chuo.

Na mwaka huu jirani amenieleza, akicheka hadi anashika ubavu, kwamba alijua mara tu nilipomwekea mitungi ile kuwa miwili si yake. Aliifunika kwa gunia lililoloweshwa maji maziwa yasichachuke, akakaa kimya kuona nani atagundua kwanza, Eedo au kompyuta.