Damu ya Mjalidi na Dada Yake

Watu walimwita Mjalidi kwa sababu kazi yake ilikuwa kujalidi vitabu. Alishona upya kamusi zilizoachana kurasa na kuyabadilishia majalada madaftari ya ofisi. Chumba chake cha kazi kilinuka gundi, na mteja akileta kitabu kilichopasuka mgongo, alimuuliza: "Hiki ulikisoma au ulikikalia?"

Alipofika miaka hamsini na minne, utani ulimkauka. Alianza kusikia maumivu kwenye uume. Akijipapasa, anakuta kitu kigumu chini ya ngozi, kama punje ya mahindi. Baada ya miezi miwili uume ukawa ukisimama unapinda. Alijua moja kwa moja kwamba ni saratani. Hakumwambia mtu. Mkewe akimsogelea, yeye anasingizia mgongo.

Mkewe, mwalimu mstaafu wa hesabu, alivumilia miezi mitano. Jumapili moja baada ya chakula cha mchana alifunga mlango wa chumbani.

"Mume wangu, kama una mwingine, niambie. Mimi si wa kuzungushwa."

"Mwingine nimtoe wapi mimi?"

"Basi nimekukosea nini?"

Alitaka kuutaja tena mgongo, akauacha. Akalia, kisha akamweleza yote, macho yake yakiwa sakafuni. Mkewe alimsikiliza hadi mwisho, akamshika uso kwa mikono miwili.

"Na uchungu wote huo umeubeba peke yako? Wewe mwanamume, wewe!" Naye machozi yakamtoka, na kicheko juu yake. "Mwenzio nilishaanza kumchunguza hata yule mama anayekuuzia karatasi."

Wiki hiyohiyo walikwenda hospitali pamoja. Daktari wa magonjwa ya njia ya mkojo alikuwa mwanamke wa rika la watoto wao, na Mjalidi nusura arudie mlangoni. Mkewe akamsukuma kiunoni. Daktari alimpima kwa upole.

"Si saratani, mzee. Ni kovu kwenye utando wa ndani ya uume. Utando ule hutakiwa kunyumbuka. Penye kovu haunyumbuki, ndiyo maana unapinda. Hebu nione viganja vyako."

Chini ya kidole cha pete palikuwa na kifundo kigumu. Mjalidi siku zote alidhani ni sugu ya sindano.

"Kwenu kuna mwingine mwenye mkono kama huu?"

Alimkumbuka marehemu baba yake, ambaye vidole vyake viwili vilikunjika visinyooke tena. Na dada yake mkubwa alikuwa hawezi kulaza kiganja mezani.

Daktari alieleza kwamba kifundo kile nacho ni kovu, na kwamba makovu ya mkononi na ya uume huweza kufuatana katika baadhi ya familia. Hospitali ilikuwa ikikusanya damu ili kuchunguza vinasaba, na kupima protini zinazohusika na kupona kwa vidonda. "Sitakudanganya," alisema. "Vipimo hivyo havitakutibu wewe. Huenda vikawasaidia wajao."

Mjalidi alimpigia dada yake simu.

"Dada, wanataka damu yetu. Kwa ajili ya mkono wako."

"Kwani na wewe unaumwa mkono?"

"Mkono... na kwingine."

"Sitauliza kwingine wapi. Alhamisi nakuja."

Maabarani walikaa bega kwa bega, mikono ya nguo imekunjwa. Dada alikuwa akikitazama kiganja chake.

"Baba katika kila picha mkono uko mfukoni," alisema. "Nami nilidhani anaringa."

Mjalidi alimshika kidole kilichopinda, wakakaa hivyo hadi walipoitwa.

Protini za Mjalidi zilikutwa hazina tofauti na za watu wenye afya njema. Daktari alisema damu ya mtu mmoja haithibitishi jambo, wala majibu ya vinasaba, yake na ya dada yake, hayakuwa tayari. Alimpa kifaa cha kuuvuta uume taratibu kwa muda maalumu kila siku, na mkewe ndiye aliyeshika saa, mkali kama darasani. Maumivu yaliisha kabla ya mwaka kwisha. Kupinda kulipungua, hakukuisha. Walijifunza upya namna ya kulala pamoja, bila haraka, wakichekana.

Kisha Mjalidi aliwaandikia wanawe wawili waraka mfupi, akitaja kila kiungo kwa jina lake, akiwaomba wasikae kimya wakiona dalili. Mkewe alisahihisha nukta. Mkubwa alipiga simu siku aliyoupata. Walizungumza saa nzima, ingawa sehemu kubwa ilikuwa habari za mpira.