Salama ya Mlangoni

"Hawa majirani wanaotupenda hivi, mbona hawajatualika hata harusi moja?"

Nakumbuka siku niliyotupiwa swali hilo, mwanangu. Nilikuwa nimesimama mbele ya mwenyekiti wa bodi, ripoti yangu ameishika mkononi, kurasa zake bado zina joto la mashine. Mimi niliyekuwa na jibu la kila kitu nilibaki nikiitazama feni ya dari kama mwanafunzi aliyesahau somo.

Niite mzee ukipenda, ingawa mvi zangu bado naweza kuzihesabu. Nakuandikia wewe unayeanza kazi katika kampuni, na zaidi wewe utakayepewa cheo chenye neno "wadau" au "uendelevu" ndani yake. Soma kabla hujavalishwa kitambulisho shingoni, maana kikishaning'inia kile, masikio huziba kidogo. Yangu yaliziba.

Nilitoka chuo kikuu na shahada moja na ugonjwa wa kuuliza. Nilihoji mahubiri, nilihoji bei ya mchicha, nilihoji hata methali. Mtu akiniambia "penye wazee haliharibiki neno", nilimtajia maneno kumi yaliyoharibika wazee wakiwa wamekaa papo hapo. Mamangu, kwetu Mtopanga, alisema malaika wa mauti akija kunichukua nitamdai kwanza barua ya utambulisho. Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho sikuwahi kukihoji, nacho ni karatasi niliyoiandika mwenyewe.

Kiwanda chetu kilikuwa Changamwe, nyuma ya barabara ya malori, kikitengeneza sabuni ya mche. Boila yake ilikuwa imeacha kuchoma mafuta mazito, ikawa inachoma maganda ya korosho, na jambo hilo lilituletea sifa nyingi. Sasa bodi ilitaka kuongeza boila ya pili. Kabla ya kuomba kibali, ilitaka kujua majirani wanasemaje. Kazi hiyo nikapewa mimi, nikiwa bado kwenye miezi ya majaribio. Meneja hakunificha: ripoti ikipita bodini, nitaandikwa kazi ya kudumu, isipopita, tutaagana kwa wema.

Basi nikavaa viatu vyangu vya mchuchumio, hojaji nikaitia kwenye simu, nikaupitia mtaa ulio nyuma ya ukuta wa kiwanda nyumba kwa nyumba. Hodi, shikamoo, natoka kiwandani, je, mna malalamiko yoyote kuhusu kampuni?

"Salama, mwanangu."

"Hakuna neno. Twaishi vyema, alhamdulillah."

"Hatujambo, Bwana asifiwe. Wasalimie huko."

Adhuhuri ilinikuta nimeumaliza mtaa mzima. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Walisahau kutuonya kwamba mtu anaweza kuuliza mtaa mzima na ujinga wake ukabaki pale pale. Nikaandika, kwa herufi nene, kwamba majirani wote wameridhika na kiwanda.

Mwenyekiti, Mzee Saifu, ambaye babu yake alikianzisha kiwanda kwa sufuria moja ya shaba, ndiye aliyeisoma kwanza. Alivua miwani, akaniuliza swali lile la harusi. Kisha akasema, "Mimi nimezaliwa hapa. Mtu wa hapa akikupenda hukuita harusini. Akikupenda sana hukuita jikoni. Bodi itakaa baada ya wiki mbili, Dama. Niletee jibu."

Kesho yake nikarudi. Nyumba iliyo karibu zaidi na ukuta wetu ilikuwa ya Bi. Kibibi, dobi wa kanzu, mwanamke mnene wa mwili na mwepesi wa ulimi. Nilimkuta uani akipiga pasi.

"Shikamoo, Bi. Kibibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja tena kuhusu yale maswali ya—"

"Salama."

"Sijauliza bado."

"Nami nimekujibu mapema. Naona wewe mtu wa haraka."

Nikamweleza kwamba salama sasa haitoshi. Mwenyekiti ameniuliza jambo, na nisipopata jibu sina kazi. Hapo aliiweka pasi chini, akanitazama kama mtu aliyegundua kwamba dawa aliyompa mgonjwa si yenyewe.

"Mtoto wa wapi wewe?"

"Wa Mtopanga. Asili yetu ni Kaloleni."

"Kumbe mtoto wa nyumbani. Haya niambie. Mamako akiwa na mgonjwa ndani, kisha mpita njia amwambie hujambo, yeye hujibu nini?"

"Husema hajambo."

"Mwongo, mamako?"

"La. Ni kwamba mpita njia hapewi habari mbaya. Mpaka akae."

"Na wewe ulipokuja hapa ulikaa?"

Sikukaa, mwanangu. Hakuna nyumba hata moja niliyokaa.

"Ulisimama pale, mguu mmoja ndani mmoja nje, kama kuku asiyejua kama anafukuzwa au anaitwa," akasema. "Salama ni ya mlangoni. Habari zakaa ndani. Chuo wamekufundisha nini, kama hili la mamako umelisahau? Hebu vua ngazi zako hizo uingie, ukae kitako."

Nilivua. Kwanza yakaja maji, kisha mahamri na mbaazi za nazi. Akaniuliza hali ya mamangu, ya ndugu zangu, ya shamba la Kaloleni ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimelikumbuka mwaka mzima. Nilipotoa simu nianze kuandika, akainyooshea kidole.

"Iweke. Hiyo haili mbaazi."

Nikaiweka. Tulipomaliza kula na kunawa, akajifuta mikono kwa kanga, akasema, "Sasa niulize."

Nikauliza swali lile lile, kwa maneno yale yale. Akaenda chumbani akarudi na kanzu nyeupe, akaitandaza mapajani mwangu. Mabegani ilikuwa na vidoa vyeusi, vingi kama ufuta juu ya mkate. Nikakisugua kimoja kwa kidole. Kikatanuka, kina mafuta.

"Hizo ni korosho zenu. Kila Alhamisi asubuhi bomba lenu lakohoa, masizi yaja huku. Na Alhamisi ndiyo siku yangu ya kuanika, maana wanaume wazitaka kanzu Ijumaa. Nafua mara tatu. Wateja wengine wamekwenda kwa dobi mwingine. Mwezi ujao nafikiri kuacha, nihamie Likoni kwa mwanangu nikalee wajukuu." Kisha akaanza kucheka, tumbo likimtikisika. "Na wallahi sabuni nifuliayo ni yenu. Mwaniuzia sabuni, kisha mwanichafulia niinunue tena. Biashara hiyo Shetani mwenyewe angeomba hisa."

Nilicheka, na aibu ikanipanda mpaka masikioni. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Methali hiyo niliihoji nikiwa chuoni, nikaipinga kwa hoja nzuri sana. Ilinilazimu niketi mkekani ndipo niielewe.

Nikaurudia mtaa mzima. Mara ya kwanza ulinichukua asubuhi moja. Mara ya pili siku tisa, na sketi zangu zikaanza kunibana. Nilivua viatu kila mlango. Kwa Mama Kadzo, jirani wa Bi. Kibibi, nilikula kaimati na kuambiwa jinsi malori yanavyoegeshwa mbele ya lango lake mpaka jeneza la babake likapitishwa juu ya ukuta. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia siku ile, alinishangaa. Angeniambiaje habari ya jeneza nikiwa nimesimama?

Nikamwendea Katana, fundi wa boila, kumuuliza kwa nini masizi yanapulizwa Alhamisi.

"Nilikuta hivyo."

"Aliyekuwapo kabla yako?"

"Naye alikuta hivyo."

"Je, yakipulizwa Jumapili alfajiri?"

Akakuna kidevu. "Alfajiri upepo wa umande hutoka bara, ungeyapeleka masizi upande wa mtaro, mbali na nyumba. Hakuna lolote. Ila hakuna aliyewahi kuniuliza."

Nilimpelekea meneja ripoti mpya, kurasa chache kuliko ile ya kwanza. Aliisoma akiwa amesimama. Akasema, "Watu walisema salama. Wewe ni nani useme si salama?" Kisha akashusha sauti, na nadhani alinionea huruma kweli. "Ile ya kwanza itakupa kazi, Dama. Ukiibadilisha, jua umeibadilisha na kazi yako."

Sitakudanganya kwamba nilikuwa jasiri. Siku ya bodi niliingia na ripoti zote mbili, moja chini ya kwapa hili, moja chini ya lile, na mpaka nafika mezani sikuwa nimeamua. Niliwaza mkopo wa masomo, nikawaza mamangu aliyekwisha kulitangazia kanisa zima kwamba nimeajiriwa. Kisha nikawaza kanzu ile mapajani mwangu. Nikatoa ya pili, nikaisoma sentensi ya kwanza bila kupumua: "Ripoti niliyoleta awali si ya kweli, na aliyeiandika ni mimi."

Mjumbe mmoja akauliza, "Tuahirishe boila kwa sababu ya kanzu?"

"Naomba tujue tunaishi na nani," nikajibu.

Mzee Saifu akaegemea mbele. "Mara hii ulikaa?"

"Nyumba zote."

"Walikupa nini?"

"Mahamri na mbaazi. Mihogo. Kaimati. Nyumba moja walinipa samaki nikabeba."

"Basi hii ndiyo ripoti," akasema, na bodi nzima ikacheka, hata meneja.

Usidhani yalinyooka yote siku ile. Masizi yalihamia Jumapili alfajiri mara moja, na malori yakatafutiwa pa kusimama. Lakini kile kichujio ambacho bodi iliamua kifungwe kwenye bomba kabla ya boila ya pili kilichelewa mno kuliko tulivyoahidi, na ilinibidi nirudi mkekani kila baada ya wiki chache niseme, "Bado." Kusema "bado" ukiwa umeketi ni kugumu, mwanangu, maana huna pa kukimbilia. Meneja naye aliagizwa aende mwenyewe, akavua viatu, soksi yake ikawa na tundu, na mtaa ukampenda kuanzia siku hiyo. Mimi kazi ya kudumu sikupewa. Niliongezewa miezi mitatu ya majaribio, adhabu na tuzo katika bahasha moja.

Miezi ikapita. Asubuhi moja mlinzi wa lango akaniletea kadi yenye ua la dhahabu. Bi. Kibibi anamwoza kitinda mimba wake, na wanaoalikwa ni "Watu wa Kiwandani, wote." Nilipanda ngazi mbili mbili mpaka kwa Mzee Saifu. Aliisoma, akaisoma tena, akaisimamisha mezani mahali pa picha ya wajukuu wake.

Alasiri ya harusi, malori yote yalibaki ndani ya uwanja wa kiwanda, na barabara ikawa ya bi harusi. Madereva walipanda juu ya mizigo yao kuangalia, wakapiga honi mpaka wazee wakaziba masikio. Katana alicheza vugo, ngoma ya wanawake, na kina mama mpaka akatolewa kwa nguvu. Meneja alibeba sinia la biriani kichwani, jasho likimtoka, huku Mama Kadzo akimsindikiza kwa maneno: "Taratibu, bwana mkubwa, hiyo si ripoti, ikianguka haiandikwi upya." Nami niliitwa jikoni kukuna nazi. Nimepokea vyeti maishani mwangu. Hakuna kilichonifurahisha kama mbuzi ile ya nazi niliyopewa kukalia.

Sasa sikia nasaha yangu. Ukitumwa kuwauliza watu, keti kwanza, kula unachopewa, na uliza mwisho. Usiihesabu adabu ya watu kuwa ni ridhaa yao. Mwenye adabu hukwambia salama huku nguo zake zimechafuka. Kampuni ni jirani, ina ukuta, ina moshi, ina kelele, na jirani hupimwa kwa yanayovuka ukuta wake. Ukiahidi, rudi useme imefika wapi, hata kama haijafika. Kihoji kila kitu kama nilivyohoji mimi, ila anza na karatasi uliyoiandika wewe. Na ukikuta jambo linafanywa kwa sababu lilikutwa linafanywa, hapo simama.

Mungu akupe kazi usiyoionea haya mbele ya majirani. Akupe miguu mizito ya kuondoka mlangoni na moyo mwepesi wa kusema nimekosea. Harusi za mtaa zisikupite, na ukifika usikae kwenye viti vya wageni.

Jambo moja sikulijua mpaka mwaka jana, nilipokwenda kumtazama Mama Kadzo, tukawa tunachambua mchicha. Siku ile ya kwanza, kabla sijafika nyumba ya tatu, mlinzi wetu alikuwa amemwambia Bi. Kibibi kwamba niko kwenye majaribio na malalamiko yakiwa mengi nitaachishwa. Bi. Kibibi alimtuma mwanawe apite kwa njia ya nyuma, nyumba kwa nyumba, anitangulie kila mlango, akiwaambia: mtoto wa watu huyo, jibuni salama, asikose kazi kwa ajili yetu.