Muhonja Aliyeandikwa Hana Mume

Jotham Wakoli Wekulo alikuwa karani wa stoo ya reli, mtu wa kalamu mbili mfukoni, na katika mtaa wote wa Tena, Nairobi, hapakuwa na aliyejua mambo ya Amerika kumshinda, ingawa yeye mwenyewe hakuwa amefika hata Kampala. Mwezi wa pili mwaka wa 1996, gazeti lilipotangaza bahati nasibu ya grini kadi, yaani kibali cha kwenda kuishi Amerika moja kwa moja, alilikata tangazo hilo kwa wembe na kulibandika ukutani juu ya redio. Tangazo lilisema wazi kwamba kila mtu atume ombi moja tu, na atakayezidisha yote yatatupwa. Wakoli akaona hayo ni masharti ya watu wasio na ujanja.

Akaenda studio kule Kariobangi akapigwa picha kumi na moja: akiwa na miwani, bila miwani, na tai, bila tai, na moja ameinua kidevu kama diwani. Akatuma maombi kumi na moja. La kwanza lilikuwa la Jotham Wakoli, la pili la Wakoli Jotham, la tatu la Wekulo J. Wakoli, akaendelea kuyazungusha majina hayo mpaka ikawa hata yeye akiitwa hajui aitike lipi.

Ikabaki bahasha moja, na kuitupa akaona ni hasara. Muhonja, aliyekuwa akiishi naye kwa miaka tisa, mama wa binti yao Everline, alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua mrenda. Wakoli akamletea karatasi atie sahihi. Muhonja akauliza ni ya nini, akaambiwa ni ya Amerika, akafuta vidole kwenye leso, akatia sahihi na kurudia mboga zake. Mengine Wakoli aliyajaza mwenyewe. Mtoto: Everline. Alipofika penye mume, akasita. Cheti cha ndoa hawakuwa nacho. Kila mwaka alimwahidi Muhonja harusi, na kila mwaka harusi ikasogezwa mpaka Krismasi nyingine. Na karani wa stoo haandiki kitu kisicho na stakabadhi. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri: hana. Kisha akaweka nakala ya kaboni kwenye faili, kama kawaida yake.

Mwezi wa saba barua kutoka Amerika ikaingia kwenye sanduku la posta la ofisi. Wakoli alipoiona stempu hakungoja kuifungua. Alipeana mikono na stoo nzima, akamwambia msimamizi wake kwamba tangu leo atafute mtu mwingine wa kumtuma chai, na kwamba suruali zake zilikuwa fupi miaka yote hiyo ila watu walimwogopa. Ndipo akaichana bahasha, akasoma jina la Rose Muhonja. Mchana huo wote aliumaliza akimwomba msimamizi msamaha, na chai akaenda kuileta.

Nyumbani, Muhonja aliisoma barua mara mbili, polepole. Alikuwa mshonaji katika kiwanda cha sare na alikuwa na cheti chake cha kidato cha nne. Barua ilitaka cheti hicho hicho, na Wakoli shule ilimshinda kidato cha pili. Ili kuonyesha kwamba bahati hii ni kazi ya mikono yake, Wakoli akatoa faili na kumpa ile nakala ya kaboni. Muhonja akaisoma nayo, kidole kikifuata mistari, kikasimama.

"Mimi na Everline tutakwenda," akasema.

"Na mimi?"

"Hapa imeandikwa sina mume. Na mwandiko ni wako, Baba Everline."

Wakoli alieleza habari ya stakabadhi hadi koo likamkauka. Muhonja hakugomba. Alisema tu kwamba anayetaka kumwoa anajua kwa baba yake huko Vihiga, na kanisa lao la Marafiki, yaani la Quaker, analijua pia.

Hivyo Wakoli, mwenye miaka thelathini na minane na kipara kinachokuja, akaanza kuchumbia. Mchungaji aliwataka wasome mafundisho ya ndoa kwa wiki sita, na akasisitiza kwamba wachumba hawalali nyumba moja. Wakoli akahamia Kariobangi kwa Khavere, mwenzake wa stoo, akalazwa kwenye kochi fupi ambalo chini yake alilala jogoo. Darasani alikaa kati ya vijana wa miaka ishirini, mchungaji akiwaonya wasiharakishe mambo, naye akaandika hayo kwenye daftari.

Jumapili alasiri alikuja Tena kama mgeni, na soda mbili, akakaa ukingoni mwa kiti alichokinunua mwenyewe. Jumapili ya nne Muhonja alimsimulia jinsi msimamizi wa kiwanda alivyoshonea mkono wa shati kwenye suruali, wakacheka mpaka soda ikampanda Wakoli puani. Akarudi Kariobangi kwa miguu akijiuliza ni lini walikuwa wamecheka hivyo mara ya mwisho, na siku hiyo Amerika haikumjia akilini hata kidogo.

Walioana Desemba. Machi wakaitwa kwenye mahojiano katika ubalozi wa Amerika, naye afisa, mama mmoja mwenye sauti ya upole, akauliza kwa nini harusi ilikuja baada ya barua ya ushindi. Wakoli alikuwa amekariri jibu zuri, likapotea. Akasema kweli yote: ile "hana", kochi, jogoo, na soda. Yale maombi kumi na moja hakuyagusa. Afisa akaweka kalamu chini, akamtazama Muhonja.

"Sasa unaye?" akauliza.

"Ninaye," Muhonja akasema. "Nilimhakiki kwanza."

Wakapewa viza. Kwa sababu Wakoli alisikia kule kuna theluji, alinunua katika soko la mitumba la Gikomba makoti mawili mazito ya sufu na kofia ya kufunika masikio, akavaa vyote ndani ya ndege asije akashikwa na baridi mlangoni. Walishuka Minnesota wote watatu katikati ya Julai, jua likiwaka kama la Lodwar. Muhonja, katika gauni lake jepesi, akamshika mkono yule mwanamume anayetiririka jasho, akamtafutia kivuli.