Zamu za Gumato

Gumato ni binti wa abba herega, yule msimamizi wa zamu kisimani ambaye hakuna tajiri aliyethubutu kumruka. Basi alipokabidhiwa kituo cha mawasiliano cha kijiji chetu, nje ya Wajir, alikiendesha kama kisima. Aliyetoka mbali ndiye huchaji simu kwanza. Umeme wa sola ukipungua, anafunga, hata kama ni mumewe anayetaka habari za mpira. Watu walinung'unika, lakini betri ziliishi. Na kwa kuwa simu ya kituo ndiyo pekee inayoshika mtandao hapa, wachungaji waliotumwa kutafuta malisho walipopiga, walipata mtu wa kupokea.

Kisha wafadhili waliokijenga kituo wakaja kusherehekea mafanikio yake. Sitawataja, wenyewe wanajijua, na bado nina hasira nao. Siku ya mawingu, walichomeka spika kubwa, friji ya soda na feni ya kumpepea mkurugenzi. Mkurugenzi akasimama kutufundisha jinsi ya kufanya kituo kidumu. Yeye, atufundishe sisi! Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa. Huyu alikuja mwenyeji augue.

Gumato akamsogelea kwa adabu.

"Mzee, betri iko karibu kufa. Toa hii spika. Diba ameenda kutafuta mvua, atapiga simu leo, na Doyo anangoja kujua atapeleka ng'ombe wapi."

"Mama, ngoja kidogo nimalize."

"Hata kwa kisima, mtu hangoji ikauke ndio atoke."

Akazima swichi. Mkurugenzi akabaki anapanua mdomo bila sauti, nami sikuficha kicheko. Jioni Diba akapiga, Doyo akahama na ng'ombe wake wote.

Hawakumsamehe. Walimfukuza kwa utovu wa nidhamu, wakamleta mpwa wa mkubwa fulani, mtu asiyejua kumwambia mwenye cheo hapana. Kila mwenye jina akachomeka alichotaka, na betri zikafa. Kiangazi kilichofuata Diba alipiga tena, hakuna aliyepokea. Mvua ilikuwa imenyesha upande wa Diff. Doyo alipata habari hiyo akiwa anachuna ngozi za ng'ombe wake.

Kesho yake Gumato alikata matawi ya miiba, akayaburuta hadi kituoni, akaziba mlango. Doyo alimsaidia kuyapanga. Kwetu kisima kilichokufa huzibwa hivyo, mnyama asije akatumbukia. Kibao cha wafadhili bado kinasomeka juu ya miiba: Kituo Endelevu cha Jamii.