Matoka Yaliyosogea

Baada ya kumzika mume wangu nilianza kuhesabu hatua. Shamba letu na la kaka yake yako bega kwa bega kwenye mteremko, la kwake upande wa juu, huku Subukia. Mpaka ni mstari wa matoka, yale maua ya mizizi minene ambayo kwetu mtu hathubutu kuyang'oa, maana anajitafutia laana. Kutoka kona ya banda langu la ng'ombe hadi matoka zilikuwa hatua kumi na mbili. Mvua ndefu ilipoisha zilikuwa kumi.

"Shemeji, mbona unaniangalia hivyo?" aliniuliza shemeji yangu akikama.

"Naangalia matoka."

"Kwani yana miguu?"

Alicheka. Mimi sikucheka. Mwenye kunisemea alikuwa ameshazikwa, na yeye alilijua hilo.

Kisha nikaona ufa ardhini katika shamba lake la viazi, juu kidogo ya nyumba yake. Mkono uliingia hadi kiwiko. Nikaamini amechimba mfereji wa kuleta maji kwangu. Sikumwuliza. Nilienda kwa chifu kumshtaki kwa habari ya mpaka, na ule ufa nikauweka kama ushahidi wa baadaye.

Chifu alishuku ardhi yenyewe, akaleta msichana aliyesomea mambo ya miamba. Hakuyatazama matoka sana. Alichimba chini ya mteremko hadi shimo likamfika kifuani, akabandua udongo wa kijivu. Ndani palikuwa laini, panang'aa kama sakafu iliyopigwa rangi, pana mikwaruzo myembamba yote ikielekea upande wangu.

"Gusa, mathe."

Pakateleza kama sabuni.

"Hapa palikuwa jiwe," akasema. "Kila mwaka udongo wa juu unasogea kidogo, unalisaga, hadi limekuwa unga. Maji yakiingia, kila kitu kinateleza. Nyumba yako iko kwenye mwamba. Ya shemeji yako iko juu ya kipande kinachotembea. Matoka yamebebwa tu. Kuna ufa wowote huko juu?"

"Uko."

"Yeye anajua?"

"Sijamwambia."

Nilimkuta shemeji mlangoni kwake, nikamwambia ahame siku hiyo hiyo.

"Kaburi halijaota nyasi na tayari unanifukuza? Huyo msichana umempa nini?"

Sikubishana. Nilimwomba aje ashike mwenyewe. Aliingia shimoni, akapitisha kidole gumba kwenye mikwaruzo hadi mwisho, akajifuta kwenye suruali.

"Ufa uliuona lini?"

"Wiki tatu zilizopita."

"Na watoto wangu wamelala hapo wiki tatu."

"Ndiyo."

Alienda kufungua ng'ombe, na mke wake akaanza kutoa magodoro.

Wanakaa kwangu hadi sasa. Tunakula sufuria moja. Mlango wa stoo bado naufunga kwa kufuli, naye ananitazama nikiufunga. Na nikiwapakulia watoto wake, mama yao huonja kwanza.