Msaidizi wa Barua Pepe Aliwafukuza Wakwe

Admin, ficha jina langu na la duka pia, maana hapa Sosiot, Kericho, watu wananijua hata kwa kikohozi. Mimi ni mwanaume wa miaka 36, nina mke na watoto, na ninauza mikebe ya maziwa na chakula cha ng'ombe. Babu yangu alitoka Nyeri akaja kulima chai huku, kwa hivyo sisi ni Wakikuyu wa hapa hapa. Baba alishafariki, na mimi kifungua mimba ndiye ninasimama mahali pake. Tangu wiki jana roho haitulii. Nikiketi nasimama, nikisimama sijui nilikuwa naenda wapi.

Barua pepe ya duka ilikuwa imejaa matapeli. Kuna mmoja alijifanya chama cha wafugaji, nikabakisha kidogo tu nimpakilie mikebe. Rafiki yangu akaniwekea msaidizi wa AI wa kuchuja wageni. Mtu nisiyemjua akiandika, msaidizi anamuuliza yeye ni nani na anataka nini. Asipojieleza anafungiwa, na mimi hata simuoni. Nililala usingizi mtamu, nikajiona mjanja kweli.

Sasa, dada yangu mdogo, tumwite Shiru, ana mchumba Mkipsigis wa kule Sigor, Bomet. Kijana mzuri, sina neno naye. Shiru akaniambia, "Bro, wazee wao watakutafuta hivi karibuni, ukae ready." Nikakaa ready kweli. Simu nikaichaji, shati nikanunua. Kumbe baba mkubwa wa huyo kijana ni mwalimu mstaafu, mtu asiyeamini jambo zito kusemwa kwa simu. Aliomba anwani yangu akapewa ile ya duka, akaandika.

Na mnajua wazee wakija kuposa hawasemi wanataka msichana. Hata sisi Wakikuyu tunazunguka hivyo hivyo. Mzee aliandika: "Sisi ni watu wa upande wa Sigor. Kuna ndama wetu tumesikia ameonekana bomani kwako. Tungependa kuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi tumwangalie."

Msaidizi akamjibu, "Tafadhali eleza ni ndama gani na unahitaji nini hasa."

Hapo mzee alicheka, naambiwa. Alifurahi! Si ndivyo wenye boma wanavyojibu, wanajifanya hawajui ndama wala mbuzi? Akaona huyu Mkikuyu amelelewa. Akarudisha: "Ndama mwenyewe anajijua. Rangi yake tutaitaja tukishaketi na kupewa chai."

Msaidizi akamjibu kwa jina langu: "Maelezo yako hayaeleweki na yanafanana na ulaghai. Hatutapokea ujumbe wako tena."

Mimi sikujua lolote. Niliona tu Shiru ameingia dukani macho mekundu, wateja wamejaa. "Umeita mzee wa watu conman?" Nikamwambia apunguze sauti. Akakataa. "Wewe hukutaka niolewe Sigor. Si ulisema mezani kule ni kukavu, hata chai haimei?" Wallahi ule ulikuwa utani wa chakula, lakini ukizungumzwa mbele ya wateja hauchekeshi. Nilifungua msaidizi nikasoma yote hapo hapo kaunta. Shiru alisoma pia. Hakuamini kwamba si mimi niliyeandika.

Nikampigia mzee. Nikamweleza habari ya mashine, nikaomba msamaha mpaka nikakosa maneno. Alinisikiliza kwa upole, na huo upole ndio uliniumiza. Akasema, "Kijana, mimi sina kisirani. Lakini nilibisha kwako kama mzee, na uliweka mlinzi ambaye hajui wazee. Boma likishasema hapana, sisi haturudi kubisha mara ya pili." Akanitakia siku njema.

Mama anasema nichukue wazee wawili twende Sigor tukaombe msamaha nyumbani kwake. Ndugu za baba wamekataa katakata. Ami mmoja ameniambia, "Tangu lini watu wa msichana wakatangulia kwenda? Tutaonekana tunamtembeza kama kuku wa soko. Na kesho wakigombana huko, ataambiwa aliletwa." Naona mama ana haki, na ami pia ana haki, na mimi niko katikati kama mpira. Mchumba naye amemwambia Shiru hawezi kuruka kichwa cha wazee wake.

Yule msaidizi nilimzima. Siku hizi nasoma kila upuzi unaoingia, hata wa kuuziwa magari, nikitumaini mmoja utakuwa wa Sigor. Hakuna.

Leo ndiyo ile Jumamosi. Nimeamka nikamkuta Shiru amefagia uwanja wote mpaka langoni, ameanika vikombe vya wageni juani. Nikamuuliza anangoja nani. Akasema, "Hakuna. Nafagia tu."

Mnaonisoma, hasa wazee wa Kericho na Bomet: nivunje mila niende Sigor, ama nilinde heshima ya boma nimuache dada yangu aanue vikombe? Nijibuni mapema, jua linazama.